Maumivu makali, tumbo laini: utumbo unapokosa damu ghafla

Wasomaji wenye ndugu waliopata kiharusi wameniuliza kama donge la damu laweza kwenda kwingine mbali na ubongo. Laweza. Likiziba ateri inayolisha utumbo mwembamba, mgonjwa hugaagaa kwa maumivu, ilhali daktari akimbonyeza tumbo analikuta laini. Ndipo wengine hurudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo.

Ulaini huo una sababu. Ndani ya kila kinyweleo cha utumbo, mshipa unaoleta damu na ule unaoirudisha hupita sambamba, kwa hiyo oksijeni huvuja kutoka wa kwanza kwenda wa pili kabla haijafika nchani. Hata ukiwa na afya njema, ncha hiyo huishi kwa oksijeni kidogo. Damu ikikatika, ndiyo inayotangulia kufa. Uharibifu hutoka ndani kwenda nje. Utando wa nje, ambao ukiwashwa ndio tumbo hukakamaa, bado haujaguswa. Saa chache baadaye maumivu yanaweza hata kupungua, ndugu wakashukuru Mungu, kumbe utumbo unaoza na bakteria wanapenya.

Wakati huo nyumbani wanasema "katupiwa kitu", au "ni chango, akandwe". Halafu yupo yule wa chupa za "kusafisha utumbo", mwenye jibu kwa kila ugonjwa. Hakuna mzizi unaozibua ateri. Saa anazokaa mgonjwa akingoja aharishe ndizo ambazo utumbo wake ungeokolewa.

Donge mara nyingi hutoka moyoni, kwa wenye mapigo yasiyo na mpangilio. Kwetu si wazee peke yao: mafindofindo yasiyotibiwa utotoni huharibu vali za moyo, na vijana nao wanapata.

Kipimo ni CT-Scan ya mishipa, kwa dawa ya kung'arisha. Asidi laktiki kwenye damu isimdanganye mtu. Mwanzoni yaweza kuwa ya kawaida. Tiba ni maji ya mshipani, antibayotiki, heparini, kuondoa donge na kukata sehemu iliyokufa. Mara nyingi tumbo hufunguliwa tena baada ya saa 24 hadi 48, kukagua kilichobaki. Wakichelewa, wengi hufariki.

Mwenye ugonjwa wa moyo akishikwa na tumbo ghafla, mpelekeni usiku huohuo penye daktari wa upasuaji. Asile kitu. Na habari za moyo wake zitajeni kabla hamjaulizwa.