Matumizi ya Mafuta au Umbali kwa Lita? Usomaji wa Skrini Gari la Haibridi Linaposerereka

Dereva wa gari la haibridi anapoacha kukanyaga mafuta na gari likaendelea kuserereka kwa kasi liliyokuwa nayo, injini hukatiwa petroli, na katika mwendo wa wastani huzimika kabisa. Skrini inayopima lita kwa kilomita 100 huonyesha 0.0. Katika Toyota Prius ya kizazi cha pili iliyouzwa Marekani, inayopima maili kwa galoni, namba hugota kwenye 99.9. Hali ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa mafuta katika sehemu. Mafuta yakiwa asili na yakafika sifuri, jibu halina kikomo, hivyo mtengenezaji huchagua namba ya kukomea. Namba 99.9, basi, si kipimo bali ni ukomo wa skrini.

Kiswahili kinalizidisha tatizo kwa kuziita namba zote mbili “matumizi ya mafuta”. Katika Uganda, gari lililotumika kutoka Japani, ambako hupimwa kilomita kwa lita, hukutana barabarani na gari la Ulaya linalopimwa lita kwa kilomita 100. Ripoti ikisema “matumizi yamepanda kutoka 10 hadi 20”, msomaji hawezi kujua kama afurahi au asikitike. Msemo wa mitaani, “gari hili halili mafuta”, hauna utata huo. Inafaa “matumizi” libaki kwa lita kwa kilomita 100, na kilomita kwa lita iitwe “umbali kwa lita”.

Kosa la istilahi huzaa kosa la hesabu. Gari likienda kilomita 10 kwa kiwango cha kilomita 10 kwa lita, kisha kilomita nyingine 10 kwa kiwango cha 30, wastani si 20. Limetumia lita 1 na theluthi kwa kilomita 20, yaani kilomita 15 kwa lita. Mshauri anayelinganisha magari ya wizara kwa kujumlisha namba za skrini na kuzigawanya atayapendelea yale yanayoserereka sana.

Wala 0.0 si mwendo wa bure. Katika vilima vya Kigali, nishati ya kuteremkia ililipiwa kwa petroli wakati wa kupanda. Mota, ikigeuka jenereta, hurudisha sehemu tu ya nishati hiyo kwenye betri. Usomaji wa haki hujumuisha kwenda na kurudi, na chaji ya betri iwe sawa mwanzo na mwisho. Utaratibu wa upimaji wa WLTP hurekebisha matokeo kwa sababu hiyohiyo.

Limebaki neno lenyewe, “kuserereka”. Lisichanganywe na kutia gia huru. Gari likiserereka katika gia ya D, mota huchaji betri. Katika N haichaji. Injini ikiwa imezimika, skrini huandika 0.0 katika hali zote mbili.