Barafu Inapovua Fulana Nyeupe

Toka nje saa saba mchana na fulana nyeusi, utajua hujui. Jua linakushika hadi mgongo unalia. Vaa nyeupe, angalau unapumua. Sasa wazia bahari ya Aktiki, kule kaskazini mwa dunia, ikivua nyeupe na kuvaa nyeusi kila kiangazi.

Wanasayansi huliita jambo hili albedo: kiasi cha mwanga wa jua ambacho kitu kinarudisha juu badala ya kukimeza. Kuipima si hesabu ya kukuumiza kichwa. Chukua kihisi cha mwanga, kielekeze angani, soma. Kigeuze kitazame barafu, soma tena. Gawanya mwanga unaotoka barafuni kwa ule unaotoka angani. Basi.

Kibarua ni kufika huko. Oktoba 1997, meli ya Kanada ya kuvunja barafu, Des Groseilliers, iliachwa makusudi inaswe kwenye barafu ya Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska. Mradi uliitwa SHEBA. Mmarekani Don Perovich na wenzake wakaweka mstari wa mita 200, wakapima kila mita 2.5, kuanzia Aprili hadi Oktoba 1998.

Cheki matokeo. Aprili, theluji ikiwa kavu, asilimia 80 hadi 90 ya mwanga ilirudi juu. Kufikia mwisho wa Julai, wastani ulikuwa umeporomoka hadi 40. Tena kwenye mstari huohuo, barafu nyeupe ilirudisha 65, vidimbwi virefu vyeusi 10 peke yake. Ukipima mahali pamoja tu, umejidanganya.

Noma iko hapo. Vidimbwi vinameza joto, joto linayeyusha barafu zaidi, na bahari ikibaki wazi inarudisha kama asilimia 7 tu. Ni kama mkopo wa simu: riba inazaa riba.

Setilaiti huona kutoka juu, lakini lazima mtu ashuke barafuni kuhakikisha. Bila vipimo hivyo, kompyuta zinazotabiri tabianchi zinakisia. Ndiyo maana mwaka 2019 meli ya Ujerumani, Polarstern, nayo ilijiacha inaswe karibu mwaka mzima.

Usiseme ya Aktiki hayakuhusu. Joto linalomezwa kule linabaki kwenye sayari hii hii, na wewe huna nyingine ya kuhamia.