Nyanya Aliyeomba Jembe

Ukitoka Goma kwa njia iendayo Sake, utasafiri kitambo kati ya mawe meusi, makali kama meno ya msumeno. Mkono wa kushoto ni Ziwa Kivu. Mkono wa kuume iko milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Kabla ya kufika Sake utaona Mubambiro. Siku hizi wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya kambi ya askari iliyo pale. Sisi wa ukoo wetu twalijua kwa sababu nyingine: ndipo alipokaa nyanya yetu, aliyefariki mwaka 2024.

Tulimwita Koko, kama watoto wengi wa Goma na Masisi wawaitavyo wazee wao. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Mama yake alimwambia tu kwamba alizaliwa wakati moto ulipozimika. Sisi tuliosoma tukapiga hesabu. Mlima Nyamulagira ulianza kutapika moto mwezi wa Januari 1938, ukaendelea zaidi ya miaka miwili, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukatiririka hata ukaingia Ziwa Kivu karibu na Sake. Basi Koko alizaliwa yapata mwaka 1940. Yeye mwenyewe alizicheka hesabu zetu. “Ninyi mwahesabu miaka,” alisema, “mimi nahesabu mavuno.”

Kucheka ndiyo iliyokuwa desturi yake. Nyiragongo aliuita mama mkwe. “Akinyamaza namwogopa,” alisema, “akinguruma namkimbia, lakini sithubutu kumhama, maana shamba ni lake.” Na kweli, mawe yale yale yaunguzayo nyumba, baada ya miaka mingi huwa udongo wenye rutuba. Koko alipanda maharage na viazi mahali popote palipokuwa na udongo kati ya mawe. Mavuno yakizidi, kijana mmoja aliyapakia juu ya chukudu, gari letu la miti lenye magurudumu mawili, akayasukuma hata sokoni.

Lakini msomaji asidhani kwamba alicheka kwa kuwa hakujua machozi. Alizaa watoto wanane, akazika watatu. Mwaka 1993 mapigano yaliyoanza Ntoto, katika Walikale, yalienea Masisi, naye akapoteza mbuzi wake wote. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa malaki katika siku chache. Kambi ya Mugunga ikajaa, na kipindupindu kikaua watu kwa maelfu. Majirani wengine walifunga milango, nao walikuwa na sababu zao. Koko alichemsha maji asubuhi na jioni, akayaweka kando ya njia katika bidoni mbili. Alipoulizwa ni ya watu gani, alijibu: “Ni ya wenye kiu.”

Sasa nataka kuwasimulia habari moja inayonihusu mimi mwenyewe, wala si ya kujisifu.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka. Mito ya moto ilipita katikati ya mji wa Goma hata ziwani, ikaunguza nyumba nyingi sana. Watu wengi walikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda. Wengine walishika njia ya Sake. Usiku ule watu tisa walibisha hodi kwetu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nikikaa kwa Koko. Katika nyumba mlikuwa na magunia mawili ya maharage: moja la mbegu, moja la kuuzwa ili nilipiwe karo ya shule. Koko akafungua la karo.

Wageni walikula, wakalala. Siku ya tatu Koko aliwakusanya, akasema kwa sauti kuu, “Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!” Akawagawia majembe, wote wakacheka, wakaenda shambani. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalia. Karo haikulipwa, nikakaa nyumbani wiki nyingi huku wenzangu wakipita njiani na madaftari. Nilimpenda nyanya yangu, lakini ndani ya moyo nilimwekea kinyongo, nacho kikakaa miaka mingi, hata nilipokuwa mtu mzima na mwalimu.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena. Siku tano baadaye serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihamwe, kwa hofu ya moto kutokea chini ya ardhi. Njia ya Sake ilijaa watu, magodoro na watoto. Koko, mwenye miaka themanini na zaidi, alikuwa amesimama mlangoni kana kwamba anawangoja. Alipokea mama mmoja na watoto wake. Siku ya tatu, jembe! Watoto wale wa mjini walijifunza kupalilia maharage. Amri ya kurudi ilipotoka, waliondoka huku wakimwita Koko wao.

Halafu zamu ikageuka. Mwezi wa Februari 2024 vita vilikaribia Sake. Watu wa Mubambiro wakashika njia ile ile, ila sasa kuelekea Goma. Koko alitembea kwa fimbo, akipumzika juu ya mawe. Yule mama wa mwaka 2021 alikuwa amemtuma mwanawe amtafute njiani, naye hakukubali Koko aende kulala kambini chini ya hema. Akampa kitanda chake.

Nilikwenda kumwona. Nilimkuta akicheka kama kawaida, lakini usiku nilimsikia akilia kwa ajili ya nyumba yake. Asubuhi nikamwuliza, “Koko, wawezaje kucheka mchana?” Akajibu, “Furaha ni kama sombe, mjukuu wangu. Majani mabichi ni machungu. Sharti uyatwange kila siku.”

Ilikuwa siku ya tatu tangu afike. Akamgeukia mwenye nyumba akasema, “Siku zangu mbili zimekwisha. Jembe langu liko wapi?” Yule mama akacheka, kisha akalia. Shamba hakuwa nalo. Ua wake ni mwamba mtupu. Basi akamletea ungo, maana aliuza maharage sokoni, na tangu siku ile Koko alikaa mlangoni akichambua maharage ya kuuza. Hakutaka kuwa mzigo.

Siku ile nilipata moyo wa kumtajia lile gunia la mwaka 2002. Nilidhani atacheka, au ataniambia kwamba nilikuwa mtoto, sikuelewa. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. “Nilikusikia ukilia nyuma ya nyumba,” alisema. “Nilitoa kilicho changu, nikatoa na kilicho chako bila kukuuliza. Wale watu walikuwa na njaa, nami leo ningefanya vile vile. Lakini wewe ulilipa, na sikukushukuru. Nisamehe, mjukuu wangu.”

Sikuwa na neno. Mimi ndiye niliyekuja kutaka msamaha.

Alifariki miezi michache baadaye, bila ugonjwa wa siku nyingi. Tulimzika Goma, maana njia ya kwao haikupitika. Mwezi wa Januari 2025 vita viliifikia Goma yenyewe, na makambi yaliyouzunguka mji yakavunjwa. Wengi wakarudi kwao kuanza upya juu ya mawe yale meusi. Koko hakuwamo kati yao.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nyanya yangu alinifundisha kwamba kupokea nako ni moyo, na kwamba mtu mwema hachoki kuuliza ni nani aliyelipia wema wake. Ninyi wanafunzi mnaosoma habari hii, yamkini mnaye nyanya nyumbani. Mwulizeni alizaliwa mwaka wa moto gani, au wa njaa gani, mkayaandike maneno yake katika daftari. Na kama yuko mtu uliyemwekea kinyongo, mwendee leo, ungali ukimkuta mlangoni.