Unadai Usiku Mmoja wa Kimya Huko Kwale? Uliza Hizi Kitu Kabla Utume Doh

Tusidanganyane. Kama umecheki zile video za watu wakilala kwenye mahekalu ya Kibudha kule Koyasan, Japan, mkeka sakafuni, msosi bila nyama, ibada alfajiri, na sasa unaitafuta hiyo form South Coast, hautaipata. Kwa hekalu lenyewe itabidi utoke Kwale. Kuna la Dar es Salaam, pale Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia kutoka Sri Lanka zamani sana, na kuna Uganda Buddhist Centre karibu na Entebbe, iliyoanzishwa 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Na ujue watawa wa hiyo njia hawali chakula baada ya saa sita mchana. Kama wewe ni mtu wa chipo usiku, jipange.

Lakini kitu chenye unatafuta si sanamu ya Budha. Unatafuta mahali penye kila mtu amekubali kunyamaza. Hiyo Kwale iko, ila kimya huja na sheria, na ukikataa sheria utarudi Nairobi umechoka vile ulienda, na mfuko umetoboka.

Anza na Kaya Kinondo, kusini ya Diani. Huu ni msitu mtakatifu wa Wadigo, moja ya kaya za Mijikenda zilizowekwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008. Unafungwa kaniki nyeusi, unatembea na mtu wa pale anayekuelekeza, hakuna kupigana busu, na hutoki na hata jani. Kulala ndani? Zii. Ni mahali pa wazee kuomba, si loji. Unachoweza ni kutafuta rumu upande wa Galu au Kinondo, uingie msituni asubuhi kabla jua likaze. Kadri unavyoacha katikati ya Diani ukishuka kusini, ndivyo spika zinapungua.

Msambweni bei huwa poa, lakini cheki ramani vizuri. Gesti iliyo kando ya barabara ya Lunga Lunga inakupa malori ya Tanzania usiku kucha. Ingia ndani, upande wa bahari.

Chaguo langu mimi? Wasini. Unavuka na boti kutoka Shimoni, na kisiwani hakuna gari hata moja. Mchana kuna kelele kiasi ju boti za watalii wa Kisite zinaleta watu kula, lakini jioni wakirudi bara, kisiwa kinabaki cha wenyeji na wewe mwenye umelala. Hiyo saa ndio umelipia. Sasa sheria: ni kijiji cha Waislamu, kwa hivyo bikini inabaki kwa maji, pombe usitembee nayo, na ukipita wazee unatoa salamu. Adhana ya alfajiri itakuamsha. Kama kwako hiyo ni kelele, usiende, na usikuje kulalamika. Uliza pia kuhusu maji ya kuoga, ju kisiwa ni mwamba wa matumbawe na maji matamu yamekuwa shida miaka mingi. Ramadhani mambo hugeuka: mchana kumetulia na haipendezi kula mbele za watu, usiku ndio watu wako macho.

Kama bahari si stori yako, kuna Shimba Hills. Ndovu wako, palahala wako, na giza ni la ukweli. Ila ada ya kuingia hifadhi ni tofauti na pesa ya kitanda, na watu wengi wanashtukia hiyo langoni. Pia huwezi toka kutembea usiku kutafuta amani yako, ndovu pia anatafuta yake.

Sasa, kabla utume M-Pesa. Neno "tulivu" kwenye tangazo halimaanishi kitu. Piga simu Jumamosi saa nne usiku, ujifanye unauliza bei, usikize nyuma ya anayeongea. Ukisikia bezi, umeshajibiwa. Uliza jenereta iko wapi na inazimwa saa ngapi. Uliza kama wikendi hiyo kuna harusi jirani, ju harusi ya Pwani haina saa ya kufunga, na wewe mgeni huna haki ya kununa. Uliza wageni wengine ni mbogi ama ni watu wawili wawili.

Na usafiri: ukipanda treni ya asubuhi kutoka Nairobi, unafika Miritini mchana, na Shimoni bado iko mbali, karibu na mpaka. Usilazimishe kuvuka na giza. Lala Diani ama Msambweni, uvuke kesho yake asubuhi. Kati ya Juni na Agosti kusi ikivuma, muulize nahodha kwanza, na akisema ngoja, ngoja.