Malezi ya Mchana (3): Dawa ya Mtoto Kituoni, kwa Idhini ya Nani?

Katika makala mbili zilizotangulia tulieleza usajili wa vituo vya kulelea watoto na lishe ya mtoto anayeshinda kituoni. Leo tunaingia katika jambo linalozua mvutano mwingi kati ya mzazi na mlezi, yaani dawa.

Mwezi wa Julai baridi ya Nyeri haina mzaha. Ukungu hukaa hadi mchana, manyunyu hayaishi, na watoto hukohoa nyumba kwa nyumba. Mchuma majani chai wa Othaya, muuza viazi wa soko la Karatina na kibarua wa shamba la maua upande wa Timau hawawezi kukosa kazi kila mtoto anapopata mafua. Kwa hiyo alfajiri mtoto hufikishwa kituoni na begi lenye nepi, uji na chupa ya dawa. Maagizo hutolewa mlangoni kwa haraka: “Mpe kijiko kimoja saa sita.”

Maneno hayo machache yana mapengo mengi. Kijiko kipi? Kijiko cha dawa hubeba mililita 5, lakini vijiko vya jikoni hutofautiana kwa ukubwa. Dawa yenyewe ina nguvu gani? Ipo sirapu ya paracetamol yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na ipo ya watoto wakubwa yenye miligramu 250 katika mililita hizo hizo. Mlezi aliyezoea ya kwanza akipokea ya pili, kijiko ni kilekile ila dozi ni maradufu. Tena, je, mtoto alipewa nyingine kabla ya kutoka nyumbani? Paracetamol haitakiwi kurudiwa kabla ya saa nne kupita, wala kuzidi mara nne kwa siku nzima, maana ikizidi huumiza ini. Na kwa kuwa sirapu nyingi za mafua huwa na paracetamol ndani yake, mtoto anaweza kupewa dawa moja mara mbili kwa majina mawili bila mtu yeyote kugundua.

Kanuni ya kwanza ya kituo chochote iwe kwamba dawa inayoweza kutolewa nyumbani ibaki nyumbani. Hili si gumu kama linavyosikika. Vidonge vya amoxicillin vinavyoyeyushwa majini, ambavyo watoto hupewa kwa nimonia, hutolewa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Zinki ya kutibu kuhara hutolewa mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Mzazi akiwa kwa daktari au kwenye kemisti na aseme wazi kwamba mtoto hushinda kituoni, kisha aulize kama ratiba inaweza kupangwa kufuata saa anazokuwa naye. Mara nyingi jibu huwa ndiyo, na mlezi hupunguziwa mzigo.

Zipo dawa zisizoweza kusubiri jioni. Mtoto anayehara anahitaji maji ya ORS kila anapoharisha. Aliye chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila mara, na mchanganyiko ukishapita saa 24 humwagwa. Mwenye pumu anahitaji inhela yake ya salbutamol iwe karibu, hasa msimu wa baridi, na zaidi pale kituo kinapopika kwa kuni au makaa. Mwenye kifafa anahitaji mpango uliotiwa saini na daktari, unaoeleza mlezi afanye nini degedege likianza. Kituo kinachokataa dawa zote kwa kuogopa lawama humfungia mlango mtoto wa namna hii, ilhali Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya matibabu na kuagiza maslahi yake yatangulizwe.

Kwa dawa itakayopokelewa, masharti yaandikwe kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa ukutani. Mzazi aandike na kutia saini jina la mtoto, jina la dawa, kipimo kwa mililita, saa ya kutolewa, na saa ya dozi ya mwisho aliyotoa nyumbani. Dawa iwe katika chupa yake yenye lebo ya kemisti, pamoja na sirinji ya mdomo ya kupimia. Uzito wa mtoto usomwe katika kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kwa sababu dozi ya paracetamol hukadiriwa kwa kilo. Dawa ifungiwe kwenye kabati la juu, na iliyoandikiwa kukaa baridini iwekwe kwenye friji. Inhela na dawa nyingine za dharura ziwe mahali ambapo mlezi huzifikia upesi lakini watoto hawafikii. Mlezi mmoja tu ndiye atoe, kisha aandike papo hapo ametoa nini na saa ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dozi isiyoandikwa hutolewa mara ya pili na mlezi wa zamu inayofuata.

Kuna wazazi wanaomimina dawa kidogo katika kichupa cha soda ili chupa kubwa ibaki nyumbani. Kituo kisipokee kichupa hicho. Aprili 2024 Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya iliagiza toleo moja la sirapu ya watoto ya Benylin liondolewe sokoni, baada ya Nigeria kutangaza kwamba imegundua sumu ya diethylene glycol ndani yake. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa onyo kuhusu sirapu zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia. Tangazo la namna hiyo hutaja namba ya toleo, na namba hiyo husomwa kwenye chupa ya asili pekee. Kichupa cha soda hakina la kukueleza.

Yapo mambo ambayo mlezi asiyafanye hata akiombwa. Asitoe dawa ya mtoto mmoja kwa mwingine kwa sababu wote wanakohoa. Asimpe mtoto Piriton ili alale, maana dawa ya mzio si dawa ya usingizi na inaweza kumtia mtoto mdogo hatarini. Asitoe aspirini bila agizo la daktari. Wala asikimbilie dawa ya malaria kwa kila homa. Nyanda hizi za juu zina malaria kidogo, kwa hiyo mtoto mwenye joto apimwe kwanza, na kama amesafiri sehemu zenye mbu wa malaria, mzazi aseme.

Mlezi ajue pia wakati ambapo chupa haifai kitu. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapopumua, apelekwe hospitali mara moja huku mzazi akipigiwa simu. Vivyo hivyo mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka 1 hadi 5 anayefikisha 40.

Tuna wa kuiga. Uingereza huvitaka vituo vyake vipate idhini ya maandishi ya mzazi kwa kila dawa, viweke kumbukumbu kila dawa inapotolewa, na vimwarifu mzazi siku hiyo hiyo. Hakuna sharti hapo linalohitaji fedha nyingi, kwani daftari na kalamu vinatosha.

Hapa kwetu Jedwali la Nne la Katiba limeweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti, na Nairobi ilipitisha sheria yake mwaka 2017. Bunge la kila kaunti inayouzunguka Mlima Kenya, iwe Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru au Laikipia, lina mamlaka ya kuagiza kwamba hakuna kituo kitakachopewa leseni bila daftari la dawa na mlezi aliyefunzwa kupima dozi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vyao Septemba 2023, tayari hupita vijijini na mitaani, na daftari hilo linaweza kuwa miongoni mwa mambo wanayokagua.

Mzazi usingoje sheria. Kesho unapompeleka mtoto, omba kuona daftari la dawa. Wasipokuwa nalo, wanunulie, na uwe wa kwanza kutia saini. Na siku mlezi atakapokataa chupa yako isiyo na lebo, usimkasirikie, kwa maana huyo ndiye mlezi wa kumwachia mtoto.

Juma lijalo: ni magonjwa gani yanayotaka mtoto abaki nyumbani, na kwa siku ngapi.