Bei Haina Ulimi

"Rahisi ghali," walinena wahenga, na wengi wetu tumeigeuza kauli hiyo kuwa hukumu. Kitu cha bei ya chini hukataliwa hata kabla hakijaonjwa. Nashikilia kwamba hiyo si haki, na shahidi wangu ni mvinyo wa Porto kutoka Ureno, nchi ambayo lugha yake ndiyo iliyotupa neno lenyewe "mvinyo".

Mvinyo huu hutokana na zabibu za bonde la mto Douro. Zinapochachuka, kabla ya sukari yote kugeuka kileo, hutiwa pombe kali iliyokenekwa kutokana na zabibu. Hamira hufa, utamu husalia, na kileo hufikia kati ya asilimia 19 na 22. Chupa ya bei nafuu, aghalabu iitwayo Ruby, hupitia hatua zizo hizo. Tofauti kubwa ni umri. Ruby hukaa miaka 2 au 3 hivi katika mapipa makubwa, ilhali Tawny za thamani huzeeka katika mapipa madogo ya mbao kwa miaka 10, 20 au hata 40. Anayelipa zaidi hulipia wakati, na asiyelipia wakati hajapunjwa.

Kupunjwa ni jambo jingine. Katika karne ya 18 walikuwapo wauzaji waliotia maji ya matunda meusi ya mwituni katika mvinyo hafifu ili upate rangi. Mwaka 1756 waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal aliunda kampuni ya kusimamia biashara hiyo, mipaka ya eneo la Douro ikawekwa, na miti ya matunda hayo ikaamriwa ing'olewe.

Basi mwonjaji na afanyeje? Amimine kidogo, anuse, kisha aushike mvinyo kinywani kabla ya kumeza. Kiswahili kimemwandalia maneno: utamu, ugwadu wa tunda lisiloiva sawasawa, na ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Ruby njema ya bei nafuu huwa na ladha ya tunda jipya na ukakasi wa kiasi. Ukali wa pombe ukilifunika tunda, hapo ndipo pa kuikataa.

Kwa upande wa kitindamlo, kanuni ni moja: chakula kisiushinde mvinyo kwa utamu. Keki iliyojaa sukari huufanya mvinyo uonekane mwembamba na mchachu. Ruby hupatana na chokoleti nyeusi, ambayo mafuta yake huulainisha ukakasi. Tawny, hata ile isiyotajwa umri, hupendeza pamoja na lozi, korosho, au kastadi ya mayai yenye sukari iliyounguzwa.

Naam, ziko chupa rahisi zisizofaa kitu, na methali ile haikuzuka bure. Lakini ubovu wake na uthibitishwe na ulimi. Mwanafunzi ambaye hajatimiza miaka 18 hana ruhusa ya kileo, wala hakihitaji ili aelewe hoja hii. Amwangalie tu mwalimu wake anaposahihisha insha: hatoi alama kwa uzuri wa jalada la daftari. Huifungua, akaisoma hadi tamati, ndipo akashika kalamu nyekundu.