Kabla ya kutia sahihi mkataba wa ukarabati Mji wa Kale

Mwenye nyumba anayetaka kuikarabati katika Mji wa Kale, Mombasa, hukabidhiwa hati kadhaa kabla ya kutia sahihi. Michoro huonyesha ukuta utakaa wapi na kwa kimo gani. Orodha ya vifaa na gharama hutaja kiasi na bei. Maelezo ya kazi ndiyo hubainisha vifaa vya aina gani vitatumiwa na kwa njia ipi.

Nyumba za kale za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta kama huo hufyonza unyevu na kuutoa tena kupitia chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, lipu hubambuka na ncha za boriti huoza.

Iwapo hati inasema "lipu" pekee, itakuwa vigumu kumlaumu mwanakandarasi aliyetumia saruji. Basi na iandikwe wazi: lipu ya chokaa, uwiano wake na mchanga, na idadi ya matabaka. Aidha, maelezo hayo yalingane na kibali cha ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.